Jogoo Niliyemchora kwa Manjano

Nilipoolewa Chake Chake nilikuta kila kazi ya nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Kupika nilijua, lakini si kama yeye. Kufua nilijua, lakini si kama yeye. Kufagia uwanja alinifundisha upya, maana ilionekana kwetu tulikuwa tukifagia kinyumenyume. Nadhani hata kuvuta pumzi alikuwa na namna yake iliyo bora zaidi, ila siku hazikutosha za kunionesha. Kitu kimoja tu nilikijua ambacho yeye hakukijua wala hakutaka kukijua, nacho ni kutengeneza kadi.

Kadi zilianzia ofisini kwa mume wangu. Alikuwa karani wa serikali, mtu mpole mwenye hati nzuri na suruali ya kaki iliyonyooka kuliko mambo yake, na mkuu wake, Mzungu, aliwapa makarani wote kadi moja moja ilipofika sikukuu ya dini yake. Ile ya mume wangu ilikuwa na picha ya nyumba iliyofunikwa kitu cheupe kuanzia paani mpaka mlangoni. Mavyaa aliitazama, akasema hiyo ni chokaa, na fundi aliyeipaka alistahili kufukuzwa kazi. Mume wangu akasema ni pamba. Mimi nilisoma skuli ya wasichana mpaka darasa la sita na nilijua kuwa ni theluji. Nikasema ni theluji, nikaambiwa nisibishane na wakubwa. Basi ikawa pamba, ikabandikwa ukumbini, na kila mgeni aliyeingia alielezwa habari za kilimo cha pamba Ulaya.

Kilichonishika mimi si ile nyumba, ni lile kunjo. Karatasi ngumu imekunjwa mara moja, unaifungua kama mlango, ndani mna maneno mawili matatu uliyoandikiwa wewe peke yako. Katika nyumba ile sikuwa na mlango wowote wa kufungua na kufunga nitakavyo, hata wa chumbani kwangu, ambao mavyaa aliuhesabu kuwa ni pazia.

Nikaanza kutengeneza zangu. Karatasi ngumu nilizipata kwenye maboksi ya mashati, ambayo muuza nguo wa mtaani aliyatupa nyuma ya duka lake. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Rangi ya njano ilikuwa manjano ya mchuzi, nyekundu ya kahawia ilikuwa hina, buluu ilikuwa ile ya kufulia nguo nyeupe, na nyeusi ilitoka chini ya sufuria, ambako haikuisha kamwe, kwa sababu kusugua masufuria pia sikujua kama mavyaa. Brashi ilikuwa mswaki wa mti nilioutafuna ncha mpaka ukawa laini. Na bangili zangu za kioo zilipovunjika nilizitwanga zikawa vumbi, nikazinyunyiza juu ya gundi mbichi, kadi ikameta kama vitu vya dukani. Nakiri kwamba bangili mbili kati ya hizo zilivunjika kwa kusaidiwa.

Nilijiwekea sheria, maana sikutaka kuonekana mvivu hata machoni pangu mwenyewe. Kadi ilikuwa ujira. Nikimaliza kufua nguo zote na kuzianika, nusu saa ya kadi. Nikimaliza kupeta mchele bila kuambiwa nirudie, nusu saa nyingine. Siku nikistahamili maneno ya mavyaa tangu asubuhi mpaka Adhuhuri bila kujibu hata kwa jicho, nilijizawadia kadi nzima, ikiwa na vumbi la bangili. Kwa mapatano hayo ningeweza kufungua duka.

Mavyaa alikuja mara nyingi kusimama juu yangu nikiwa nimekaa mkekani baada ya chakula cha mchana.

"Ndo kazi hiyo?"

"Napumzika, mama."

"Mwenzio akipumzika hulala. Wewe wapumzika huku wachafua jamvi." Kisha akaona nimechora ndege. "Na huyo Siku ya Kiyama utaambiwa umtie roho. Utaiweza?"

Nikasema sitaiweza.

"Basi chora maua."

Siku nyingine alisema lile jingine, ambalo alilihifadhi kwa siku maalumu kama sahani za wageni. Mwaka wa tatu wa ndoa ulikuwa unakatika na sikuwa nimezaa. "Kata tu karatasi," alisema, akiutazama mkasi wake mikononi mwangu. "Zitakuja kukwita mama hizo."

Hapo nilijipa kadi mbili.

Sasa lazima nieleze habari ya siasa, maana bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini mtu na akili zake angemwogopa jogoo. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya ukoloni, ya mikutano na uchaguzi. Asiyekuwapo haamini, na aliyekuwapo hapendi kukumbushwa. Watu waliokula sahani moja walikuwa hawasalimiani. Wa chama hiki hanunui chumvi kwenye duka la yule, wa chama kile hamziki baba wa huyu. Na chama kimoja kilikuwa kimechukua jogoo kuwa alama yake. Kuanzia hapo majogoo wote wa Pemba waliingia katika siasa bila kuulizwa. Akiwika mmoja alfajiri, nusu ya mtaa huona amehutubia na nusu huona ametukana.

Jirani yetu wa kulia, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa wa chama cha jogoo. Jirani wa kushoto, mwanamke mwembamba mwenye kumbukumbu ndefu, alikuwa wa upande wa pili. Sisi tulikaa katikati. Karani wa serikali hakuruhusiwa kujitia katika chama, na hata angeruhusiwa, mume wangu asingefika popote. Ilimchukua robo saa kuchagua chane ya ndizi.

Katika kijiji cha Vitongoji, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka mjini, alikaa shangazi yangu, dada wa baba. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Aliishi peke yake, akilima muhogo na kusuka ukili wa mikeka, na alikuwa na jogoo. Nasema alikuwa na jogoo kama vile mtu anavyosema fulani ana mume. Alikuwa mwekundu, mkia mweusi, mguu mmoja umekosa kidole. Shangazi akienda shamba jogoo huenda naye. Akirudi hurudi naye. Akisali, jogoo husubiri nje ya mkeka, adabu waliyoikosa binadamu wengi.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani nilijipa ujira mkubwa kuliko wote. Nilikuwa nimefua mapazia ya nyumba nzima nikiwa na funga, kwa hiyo nilijiruhusu mchana mzima wa kadi, na nikamchorea shangazi jogoo wake kwa ajili ya Idi. Mwili kwa hina, shingo kwa manjano, mkia kwa masizi na vumbi la bangili juu yake. Upanga wa kichwani niliukata kwenye pakiti nyekundu ya majani ya chai. Ndani niliandika: Idi njema shangazi, nakukumbuka wewe na huyu. Shangazi hakujua kusoma, lakini nilijua muuza samaki angemsomea.

Muuza samaki huyo alikuwa mtu wa Vitongoji aliyeleta samaki mjini kila asubuhi juu ya baskeli. Alikuwa mkarimu wa habari kuliko wa samaki. Nilimpa kadi imefungwa katika gazeti, nikamwomba aifikishe salama. Akaifikisha, ila kwanza aliifungua pale pale sokoni kuona kama haina kitu cha kuvunjika, akawaonesha wauza samaki wenzake, akawaonesha wauza muhogo, na kwenye kila baraza alipoteremka kunywa maji baada ya futari akawaonesha waliokuwapo.

Kesho yake jioni jirani wa kulia alibisha hodi akiwa na sahani ya tambi za kufuturia, zimejaa zabibu.

"Nshasikia, mwanangu," akaniambia, akinishika mkono. "Hatukujua kama m pamoja nasi. Watu wa serikali mna siri."

"Bibi, ni kadi tu ya shangazi yangu."

"Ndio, ndio," akasema, akinikonyeza. "Ya shangazi."

Jirani wa kushoto hakuja. Alimtuma mtu kuja kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi, ambayo ilikaa kwetu tangu kabla sijaolewa na sisi sote tulishasahau kuwa si yetu.

Mume wangu alirudi kutoka ofisini akakaa kitandani na viatu vyake.

"Umechora nini?"

"Jogoo."

"Jogoo gani?"

"Wa shangazi."

Akafikiri. "Hukuweza kumchora bata?"

"Shangazi hana bata."

"Lakini bata," akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, "hana chama."

Nilikuwa nimechora ndege mmoja kwa manjano ya mchuzi na nimeiweka hatarini kazi ya mume wangu, ambaye hakuwahi kuchelewa ofisini hata siku moja. Nikakusanya rangi zangu nikazitia chini ya kitanda, nikaapa kwamba nimeacha. Kiapo hicho kilidumu siku sita, mpaka Idi pili.

Siku hiyo wanaume wa mtaa walikuwa wamekaa barazani mwetu kupeana mkono wa Idi na kunywa kahawa, wa vyama vyote viwili, wametenganishwa na mume wangu na sinia ya visheti. Muuza samaki akatokea na baskeli yake. Nyuma hakuwa na samaki. Alikuwa na jogoo wa shangazi yangu, mzima, miguu imefungwa kwa ukili, kichwa kinaning'inia na jicho moja limemkodolea kila mtu.

Nami nilikuwa nyuma ya mlango nikichungulia, na mavyaa yu nyuma yangu.

"Mwenyewe yupo, mke wa karani?" muuza samaki akauliza kwa sauti ya sokoni. "Shangazi yake kamletea huyu. Kasema mumchinjie anywe supu, kwa hali yake hiyo."

Watu wa jogoo walimtazama jogoo. Watu wa upande wa pili walimtazama mume wangu. Mume wangu aliitazama sinia ya visheti. Na mavyaa, ambaye kati ya maneno yote yale alisikia moja tu, akanigeukia mimi pale nyuma ya mlango.

"Hali gani?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo niseme sina hali yoyote. Mavyaa tayari alikuwa amenishika kiwiko, taratibu, kama mtu anayeshika yai, na ananikalisha kwenye kiti chake. Kiti hicho sikuwahi kukikalia.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Miaka mitatu nilikuwa *wewe*. Nilifumba mdomo.

Nitasema ukweli, kwa kuwa wote ambao ningewaonea haya wameshatangulia. Sikusema kitu siku ile. Wala siku ya pili yake. Wala ya tatu.

Jogoo, kwanza. Tulimfunika kwa tenga uani, na hapo shida ikaanza. Jirani wa kushoto, aliyekuwa hajasema nasi tangu ile kadi, alikuja mwenyewe na kisu kilichonolewa, akasema kwa moyo safi kabisa kwamba yuko tayari kushika miguu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyealikwa harusini. Hakupita muda jirani wa kulia akaja upande wake, akasema kwa sauti ile nzuri kwamba kila mtu ni huru kula anachotaka nyumbani kwake, ila jogoo akichinjwa mtaa huu wiki hii, watu watauliza kisu kilikuwa cha nani. Mume wangu aliwashukuru wote wawili. Akasema atafikiri. Akifikiri, jogoo akala mchele wetu, na kila alfajiri akawika mara saba chini ya tenga, na kila akiwika jirani wa kushoto akakohoa.

Mimi nilikuwa malkia. Ndoo ya maji nilinyang'anywa mkononi. Mavyaa alinipikia uji wa pilipili manga na mkate wa kumimina, akanipiga marufuku kuinama, kunyoosha mikono juu na kutazama vitu vibaya, ambavyo katika nyumba ile, kwa kadiri nilivyoelewa, ni pamoja na jirani wa kushoto. Sikuwa na la kufanya tangu asubuhi mpaka jioni. Sheria zangu zote za ujira zikafa, maana hapakuwa na kazi ya kulipia. Nikatoa rangi chini ya kitanda. Nilitengeneza kadi kumi na moja kwa siku tatu, na mkasi niliuletewa na mavyaa mwenyewe.

Siku ya tatu alikaa kando yangu mkekani. Nilikuwa napaka buluu. Alitazama muda mrefu bila kusema chochote kuhusu Kiyama.

"Hii buluu si ni yangu ya kufulia?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona kwenye shuka haiwi nzuri hivi?" Akachukua kadi, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. "Nilipokuwa na mimba ya huyu mumeo nilikuwa nikishona kofia," akasema. "Mavyaa wangu aliichoma moto moja. Alisema nayatia macho yangu upofu." Akairudisha kadi mahali pake. "Hakuwa mtu mbaya."

Kama angenitukana ingekuwa rahisi zaidi.

Mume wangu alikuwa ameshaniuliza, siku ile ile ya Idi pili, wageni walipoondoka. Alifunga mlango, jambo lililoruhusiwa ghafla.

"Kweli?"

"Si kweli."

Alikuwa amepongezwa na watu kumi na wawili, wa vyama vyote, wakiwamo wawili waliokuwa hawasemi naye. Akavua kofia yake akaigeuza geuza mkononi. "Basi usimwambie leo," akasema. "Leo Idi."

Kesho yake haikuwa Idi mosi wala Idi pili, lakini hakuna aliyenikumbusha.

Siku ya nne muuza samaki alileta furushi. Shangazi alikuwa amechukua kanga zake za zamani, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya sikio, akazichana vipande vya miraba, akavipinda kingo kwa sindano kimoja kimoja. Vilikuwa vya kumvalisha mtoto. Nikavitambua. Kimoja kilikuwa cha kanga aliyojifunika siku aliyonichukua kutoka kwenye maziko ya mama yangu. Nikavirudisha ndani ya furushi, nikainuka, nikaenda jikoni.

Mavyaa alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kuazima, anakuna nazi.

"Mama, mimi sina mimba," nikamwambia. "Shangazi alikosea. Nami nilinyamaza."

Hakuinua uso. Aliendelea kukuna, na nyama ya nazi ikaisha, na akaendelea, mpaka nikasikia meno ya mbuzi yanakwaruza kifuu. Kisha akakiweka chini.

"Tangu lini ulijua alikosea?"

"Tangu mwanzo."

"Na mwanangu anajua?"

"Anajua."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilisubiri maneno, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeyastahili yote. Akapangusa mikono kwenye kanga yake.

"Jogoo mrudishe," akasema. "Vitambaa viache hapa. Havili mchele."

Akachukua nazi ya pili akaipasua. Kutoka hapo ndoo ya maji ilirudi mkononi kwangu, na kufagia kwangu kukarudi kuwa kinyumenyume. Lakini *mwanangu* lilibaki, sijui kwa makusudi au kwa kusahau, na sikuuliza.

Jumapili, siku ambayo ofisi haikufunguliwa, mume wangu alinipeleka Vitongoji. Hilo lilikuwa tendo la ushujaa, na naliandika ili lisipotee: karani wa serikali, mchana kweupe, juu ya baskeli, mkewe nyuma na jogoo wa uchaguzi ndani ya kikapu mbele, amefunikwa kanga. Tulipita barazani mwa watu wa kahawa salama. Tulipofika kona ya mwisho ya mji, penye wanaume wengi zaidi, jogoo akawika ndani ya kikapu, sauti kamili, kama aliyekuwa akiisubiri kona ile. Mume wangu akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, kifua kikatikisika, mikono ikayumba. Mzee mmoja akampa pole, akamwambia anywe tangawizi.

Shangazi tulimkuta uani anapasua miyaa ya kusukia ukili. Nilimpa mkono, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku macho yake yameshateremka tumboni kwangu. Kisha yakaenda kwenye kikapu, ambako mkia mweusi ulikuwa umejitokeza chini ya kanga.

"Hukumla," akasema.

"Shangazi, sikuwa na mimba. Nani alikwambia nina mimba?"

"Wewe."

"Mimi?"

Akaingia ndani akatoka na kadi. Ilikuwa imefungwa katika kitambaa safi. "Huyu wa samaki kanisomea. Kasema umeandika kwamba wamtaka jogoo wangu. Nikajiuliza, mtoto huyu nimemlea, hana tamaa, anajua namna nimpendavyo huyu ndege. Hawezi kumtaka bure. Nikasema, basi ni mimba inayomtaka."

Mume wangu aliisoma kadi, akarudia maneno yangu kwa sauti: Idi njema shangazi, nakukumbuka wewe na huyu. Ndipo tukajua, sote watatu, kwamba muuza samaki, aliyesomea kijiji kizima barua zake kwa miaka mingi, hakujua herufi hata moja. Alikuwa akizisoma sura za watu, na mara nyingi, shangazi alisema, amekuwa akipata.

"Hivyo hukutaka kitu," shangazi akasema.

"Sikutaka kitu."

"Umeniletea karatasi, na hukutaka kitu." Alilirudia hilo kama mtu anayeonja mchuzi asioujua. "Mimi karatasi ikija hapa, ama ni serikali ama kuna maiti. Ulikuwa wafanya nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia juu ya nusu saa zangu na kufua na kupeta, na mapazia niliyofua nikiwa na funga, na jinsi nilivyojilipa mchana mzima, na mchana huo nikautumia kumkumbuka yeye. Nikiwa naeleza nilisikia jinsi yanavyosikika, maneno ya mtoto mkubwa asiye na kazi, nikanyamaza kabla sijafika mwisho. Machozi yalikuwa yameanza kunitoka, na sikujua kama ni ya mimba isiyokuwapo au ya kanga zile zilizochanwa.

Shangazi alikuwa amemfungua jogoo. Alimchunguza mabawa, miguu, akampuliza manyoya ya shingo. Kisha akaiweka kadi kando yake ardhini, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Hujamtazama vizuri," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Umemtia vidole vinne miguu yote. Hana kidole huku, wewe wajua, ulikuwapo siku alipokatwa na mlango. Na mkia wake una unyoya mmoja wa kijivu. Uko wapi? Na shingo hii ya manjano ni ya nani? Ni ya kuku wa Kihindi." Akampakata jogoo mapajani, akamgeuza ubavu kuelekea kwangu, akamshika asitikisike. "Umemchora kwa kukumbuka. Mchore kwa kumwona."

Sikuwa na rangi. Mume wangu, ambaye kuchagua ndizi kulimchukua robo saa, aliinuka mara moja akaenda kuniletea kaa lililozimika jikoni, akalivunja ncha kwa uangalifu, akatoa mfukoni karatasi ya ofisi yenye nembo ya serikali, akaigeuza upande mtupu, akaniwekea juu ya ungo. Nikakaa chini. Nikachora mpaka adhana ya Adhuhuri, na tulipomaliza kusali nikaendelea. Shangazi alinisahihisha bila huruma. Mdomo mrefu. Jicho halijakasirika vya kutosha. Paja la nani hilo. Kwa maisha yangu yote sikuwahi kuwa na mwalimu mkali vile, naye hakuwahi kushika kalamu. Mume wangu alimpa jogoo punje za mtama moja moja ili atulie, na kila nilipoinua macho niliwaona watatu wameketi wananitazama mimi kwa uzito mmoja.

Mwisho shangazi akainyoosha karatasi mbele yake.

"Sasa," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyopata.

Akataka niandike kitu chini yake. Nikamuuliza niandike nini, Idi imekwisha. Akasema niandike jina langu, ili akiulizwa nani kafanya asiwe anaeleza sana. Nikaliandika kwa kaa, herufi kubwa; kabla ya hapo nililiandika kwenye daftari za skuli tu.

Akatupa muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, akatufungia mwingine wa mavyaa. Tulipokuwa tunaondoka alinivuta pembeni, mume wangu akijaza upepo gurudumu la mbele, akaniuliza kama kanga zile zimerudi.

"Mavyaa amesema zibaki."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akarudi uani kwenye miyaa yake, na jogoo nyuma yake.